Prompti Moja Si Jasho: Ngoma ya AI Ikitoka Nyacheki, Mwenyewe Ni Nani?

Mbogi ya Nyacheki, hii ni yenu. Na nyinyi wa Nyamache, Nyangusu, Ogembo mpaka ng'ambo ile ya Nyamira, kaeni rada, hii inawahusu pia. Leo hatubongi luku, hatubongi mechi. Tunabonga kuhusu ile ngoma ulitengeneza jana usiku ukiwa kwa kitanda na bando ya mbao, na saa hii unaisambaza kwa kila grupu ya WhatsApp ukijiita msanii.

Kitambo, ukidai kuchapa ngoma ilibidi uchange doh, upande mat mpaka Kisii tao, prodyuza akuambie urudi wiki ijayo, na wiki ijayo stima imepotea. Posta ya matanga ulikuwa unaikalia laini kwa saiba. Siku hizi msee anashikwa na mvua ya saa tisa kwa stegi ya nduthi, anajibanza chini ya mabati, anaandikia AI sentensi mbili, na kabla mvua ikate ako na ngoma, kava ya ngoma na posta ya kuitangaza. Boma nzima ya burudani imetoka kwa simu moja iko na kioo imepasuka.

Noma haianzi hapo. Noma inaanza ngoma ikishika. Ikilia kwa nganya mbili tatu, MCA akiiskia na kuitisha ya kwake, mtu akiiweka Skiza, hapo ndio kila mtu anakumbuka alichangia. Beshte yako anasema idea ilikuwa yake. Mwenye simu anasema simu ni yake. Mwenye app ako majuu na ako na mawakili. Na kuna msee wa Ogembo amechukua ngoma yako vile iko, akabandika jina lake, na ukimpigia anakuambia bila aibu, "Si ni AI iliimba? Kwani wewe ndio uliimba?"

Hilo swali lake si la kijinga. Wacha nikusanue.

Sheria inakujua, lakini iko na maswali

Wasee wengi hudhani sheria ya Kenya haina habari na hizi mambo za mashine. Iko nazo tangu mwanzo wa hii karne. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ile Sura ya 130, inataja kabisa kazi imetengenezwa na kompyuta. Iwe ni maandishi, muziki ama mchoro, inasema mwandishi wake ni yule mtu alifanya mipango iliyohitajika ndio kazi itokee. Mtu, si mashine. Kompyuta haina KRA PIN, haina namba ya M-Pesa, haiezi kwenda kortini. Kwa hivyo roboti hapati kitu.

Hayo maneno tuliyarithi kwa Waingereza, wao waliyaweka kwa sheria yao ya 1988. Na hapo ndio uone vile Kenya iko tofauti na mahali mob duniani. Nchi mingi sheria zao hazisemi lolote kuhusu kazi ya kompyuta, mahakimu wanapapasa tu. Yetu iko na mlango umeandikwa "ingia".

Lakini usianze kusherehekea. Hiyo sheria yenyewe, kifungu cha 22, inaitisha vitu mbili kabla kazi yoyote ipate hakimiliki. Moja, iwe imeandikwa ama imerekodiwa mahali, isiwe hekaya za kichwa. Hiyo ni rahisi, simu imerekodi. Mbili, iwe imewekwa juhudi ya kutosha mpaka ikapata sura yake yenyewe. Sasa hapo ndio wengi wanaachwa na mat. Juhudi. Jasho. Uliandika "nitengenezee ngoma kali ya mapenzi" ukabonyeza, ukaenda kumanga chapo. Jasho iko wapi?

Na bado kuna ile stori ya "mipango". Nani haswa aliipanga? Wewe wa Nyacheki ulibonyeza, ama ile kampuni iliunda mashine? Uingereza walikutana na hii maneno kitambo. Mwaka wa 2006 korti kuu ya London ilisikiza kesi ya Nova na Mazooma, kuhusu mchezo wa pool wa kompyuta. Picha zilikuwa zinabadilika kwa skrini kila mchezaji akipiga. Hakimu akasema mchezaji si mwandishi wa hizo picha, hakuweka ufundi wowote wa sanaa. Mwenye alipanga ni yule alitengeneza mchezo. Ukitumia AI kama mtu anacheza gemu, mtu anaeza kuibeba hiyo kesi na kukurushia.

Majuu wenyewe hawajaelewana

Marekani wamekaza kamba. Mwaka wa 2023 mwandishi Kristina Kashtanova alikuwa na kitabu cha katuni, Zarya of the Dawn, picha zake zilitoka Midjourney, AI ya kuchora picha. Ofisi ya hakimiliki huko ikamwambia hivi: maneno uliyoandika ni yako, vile umepanga kurasa ni yako, lakini picha moja moja zilizotoka kwa mashine si zako. Mwaka huohuo kulikuwa na Stephen Thaler, msee anadai mashine yake ndio iandikwe kama mwenye kuchora picha. Korti ikamkataa, na Machi 2025 korti ya rufaa ya Washington ikamalizia: mwandishi ni lazima awe binadamu.

Uchina wakapiga kona. Novemba 2023, Korti ya Intaneti ya Beijing ilisikiza jamaa anaitwa Li. Alikuwa ametengeneza picha ya msupa na Stable Diffusion, AI ingine ya kuchora, mwingine akaichukua bila kuuliza. Li akaonyesha korti vile alichagua maneno, akabadilisha mipangilio, akarudia na kurekebisha mpaka ikatoka ile alikuwa anaona kwa akili. Korti ikasema hiyo ni kazi ya akili yake, ina hakimiliki. Akalipwa yuan 500, kama ngiri kumi hivi za kwetu. Doh kidogo, lakini alishinda.

Cheki vizuri hizo kesi. Kashtanova alibaki na kile aliandika na kupanga kwa mkono wake. Li alishinda juu aliweza kuonyesha mkono wake ulipita wapi. Thaler alimpa mashine sifa yote, akatoka mikono mitupu. Ukiniuliza mimi, hata Kenya mambo itaishia hapohapo: sheria yetu imekuwekea kiti, lakini hakimu atadai kuona jasho kabla akuambie ukae.

Mzee wa kanisa amekulipa. Posta ni ya nani?

Hii ndio inapata madizaina wengi wakiwa wamelala, na haihusu AI peke yake. Tuseme mzee wa kanisa amekuja na kazi ya posta ya harambee.

"Kijana, nifanyie kitu safi, bwana. Tutakupea soo tano."

"Sawa tata, jioni iko tayari."

Jioni imefika, umemtumia, amelipa. Wiki mbili baadaye unaona hiyo dizaini yako kwa fulana, kwa kalenda, kwa kanisa zingine nne, na wewe hujaongezwa hata ya soda. Unapanda mori. Lakini fungua kifungu cha 31 cha hiyo sheria: kazi ukiitishwa na mtu na hujaandikwa naye kazi ya mshahara, hakimiliki inahesabika imehamia kwa yule alikuitisha, isipokuwa mmekubaliana vingine. Umesoma hapo? Usiposema kitu, ni yake. Mzee hajakuibia, ni wewe ulinyamaza.

Na kinyume chake iko. Ngoma ulitengeneza mwenyewe bila kuitishwa na mtu, ni yako mpaka uitoe. Kuitoa kabisa ni lazima iwe kwa maandishi na sahihi. Ile "tuliongea tu pale kwa duka" haihamishi kitu. Hakimiliki ya muziki hapa Kenya inadumu maisha yako yote, na ukishazikwa inaendelea miaka 50 zaidi. Usiiuze na bei ya nyama choma.

Juu ya hiyo kuna masharti ya app yenyewe, yale unabonyezanga "nakubali" bila kusoma. OpenAI, wenye ChatGPT, wanasema kile mashine imekutolea ni chako kwa upande wao. Suno, ile app ya kutengeneza ngoma, ukitumia ile ya bure hawataki uingize biashara. Sasa wewe umetumia ya bure, umeuzia mwanasiasa ngoma, umeingiza thao mbili. Siku watu watabishana, hayo masharti ndio karatasi ya kwanza itawekwa kwa meza.

Staili ni ya wote, sauti si ya wote

Hebu tubonge kuhusu Embarambamba kidogo. Huyu staa wetu amejulikana Kenya nzima akijirusha kwa tope, akipanda miti, akibingirika kwa nyasi akiimba injili. Kesho wewe ukijirusha kwa tope pale mtoni, anaeza kukushtaki? Hapana. Hakimiliki hailindi idea wala staili. Tope ni ya Mungu. Kile kinalindwa ni ile kazi yenyewe: mistari aliandika, rekodi alifanya, vidio ilipigwa. Ukichukua hizo umeingia kwa boma la mtu.

Kwa hivyo ukiambia AI ikutengenezee benga ya Kigusii yenye gita zinakimbizana kama za wazee wa kitambo, hapo hujaibia mtu. Ikitoa melodi ile ile ya ngoma inajulikana, umeiba, na kusema "mashine ndio ilifanya" haikuokoi, juu ni wewe umeiposti.

Kuiga sauti ya mtu kabisa ni mbaya hata zaidi. Unaeza kuchukua sauti ya msanii, pasta ama jirani, uimbishe kitu hajawai kusema. Hakimiliki hapo inaweza kuyumba, lakini kuna fimbo ingine: Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hiyo inahesabu utambuzi wa sauti kwa ile orodha ya alama za mwili, pamoja na fingaprinti na macho. Sura ya mtu pia ni data yake. Na hao watu hawachezi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga klabu moja ya Nairobi, Casa Vera Lounge, faini ya shilingi 1,850,000 juu ya kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Hiyo ilikuwa picha ya ukweli, ya mtu amekuja kujibamba. Fikiria umetengeneza ya uongo.

Kwa hivyo kabla uimbishe marehemu kwa matanga yake na sauti ya AI, ndio mathe alie zaidi, uliza familia kwanza. Wengine watafurahi. Wengine watakutoa hapo na rungu, na sitakuja kukutetea.

Mashine imekula kwa nani?

Sasa tuangalie upande ule mwingine. Hii AI inajua gita, inajua ngoma, inajua kwaya. Ilijulia wapi? Ilisikiza kazi za watu. Juni 2024 kampuni kubwa za muziki, Universal, Sony na Warner, ziliwashtaki Suno na mwenzake Udio zikisema mashine zimefundishwa na rekodi zao bila ruhusa wala malipo. Mwisho wa 2025 mambo ikaanza kupoa kwa meza: Universal wakapatana na Udio mwezi wa kumi, Warner na Suno mwezi wa kumi na moja. Wakubwa wameketi, wamegawana.

Mzee wa obokano hakuwa kwa hiyo meza. Obokano ni ile chombo yetu ya nyuzi nane, kubwa, sauti yake inanguruma mpaka uiskie kwa kifua. Wazee wameipiga vizazi na vizazi, nyimbo zingine hakuna anajua nani alizitunga. Hizo haziingii vizuri kwa hakimiliki ya kawaida juu hazina mwandishi mmoja. Ndio maana Kenya ilipitisha sheria ingine mwaka wa 2016, ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inasema hizo ni mali ya jamii, na serikali za kaunti ziko na mboka ya kuweka rejista. Nyimbo za obokano, ngoma za jando, michongo ya mawe ya Tabaka zote zinaeza kuingia. Ukiona MCA wako akikuja kuitisha ngoma ya kampeni, muulize: kaunti yetu imeandika nini kwa hiyo rejista?

Na kuna kitu ya kufurahisha hapa. Hizi mashine zimesoma Kizungu zikashiba, lakini Ekegusii zimeonja tu. Kuna Abagusii zaidi ya milioni 2.5 kwa sensa ya 2019, lakini maandishi yetu kwa intaneti ni haba. Ndio maana AI ikijaribu Ekegusii inayumba kama mlevi wa Jumapili: toni imepinda, methali imekatwa katikati, mahali pa magokoro imeweka mjomba. Wewe unaeza kuskia kosa kwa sekunde mbili. Hiyo skio yako ndio mali. Kila mstari umerekebisha, kila jina la kijiji umeingiza, kila utani wa sokoni umeongeza, hapo ndio ile juhudi ya kifungu cha 22 inapatikana. Mtoto wa Nairobi na laptopu ya laki mbili hana hiyo.

Form ya kujipanga

Kama unadai kuomoka na hizi vitu, shika hizi.

Anza na kitu yako. Andika mistari mwenyewe kwanza, hata kama ni mbovu. Rekodi sauti yako ukihumu melodi. Halafu ndio uingize mashine ikusaidie. Ukianza na wewe, hata mashine ikiongeza, msingi ni wako na hakuna mtu anaubishia.

Weka kila hatua. Usifute zile jaribio za kwanza. Skrinshoti za prompti, sauti za WhatsApp, daftari uliandikia, tarehe zote. Li wa Beijing alishinda na hiyo. Msee wa Ogembo aliyechukua kazi yako hawezi kuonyesha ilianza vipi, ako na mwisho pekee.

Gusa mwisho kwa mkono. Ngoma ikitoka kwa app, isitoke vile ilivyo. Imba kiitikio wewe, ama mwite mathe wa kwaya aimbe. Badilisha, kata, ongeza. Kwa posta, panga maandishi mwenyewe, tumia picha umepiga hapa sokoni.

Andika makubaliano. Si lazima wakili. Karatasi moja ama meseji inatosha kuanzia: kazi ni gani, bei ni ngapi, itatumika wapi, hakimiliki inabaki kwa nani, AI ilitumika ama haikutumika. Pande zote ziweke sahihi.

Sajili. Hakimiliki inakuja yenyewe ukishatengeneza kazi, si lazima usajili. Lakini Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, iko na rejista ya mtandaoni, unaingia na simu bila kupanda mat ya Nairobi. Cheti chao kinakuwa ushahidi wa kuanzia siku ya kelele. Wakiuliza nini ni yako, sema ukweli: mistari ni yangu, sauti ni yangu, biti imesaidiwa na AI. Ukidai zaidi ya kile ulifanya, unapea mpinzani wako kamba ya kukufunga.

Jua doh inapitia wapi. Tangu sheria irekebishwe 2022, ngoma ikiwa Skiza ama laini yoyote ya kuitikia simu, mwenye kazi anafaa kupata asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na wa katikati 8.5. Ukiskia mtu anakuambia atakuwekea Skiza na mgawane nusu kwa nusu ya kile kimebaki, muulize ni nusu ya nini.

Agosti 2027 kura inakuja, na kabla ya hiyo Nyacheki itajaa wagombea. Kila mmoja atadai ngoma, posta, vidio ya TikTok, jina lake liimbwe kwa Ekegusii safi, na kila mmoja atakuambia, "Si ni AI tu? Fanya na soo mbili." Mwambie AI ni ya soo mbili, lakini hiyo Ekegusii, hiyo sauti na huo mkono wa kurekebisha viko na bei yake, na bei inaandikwa na sahihi inawekwa kabla kazi itoke. Akikataa kuandika, mpe jina la app na umwambie aende akaandike prompti yake mwenyewe. Tutaiskia huko kwa mkutano, na tutacheka.